Mjane Aliyefagia Bila Maji

Jirani yangu alikuwa na jina zuri, la kibibi, lenye kuvutwa kidogo mwishoni, na siku alipotoka eda alilikataa. Alisimama mlangoni kwake, mtaani kwetu Mocímboa da Praia, pwani ya Msumbiji, akawaambia wanawake waliokuja kumtazama: "Kuanzia leo niiteni Mjane. Jina hili nimepewa na watu wa machimbo. Nataka walisikie kila wakiniita."

Tulidhani ni majonzi, yatapita. Kwetu kumwita mama mtu mzima "Mjane" usoni pake ni ukosefu wa adabu. Mtu husema Bibi, au Mama Fulani, na akikosa la kusema hutoa shikamoo akapita. Lakini ukimwita Bibi alitazama ukuta. Ukimwita kwa jina lake alikuuliza, "Unamtafuta nani? Huyo alihama." Wiki mbili hazikuisha, mtaa mzima ulikuwa umesalimu amri. Mimi nilikuwa wa mwisho, maana nimesoma, na mtu aliyesoma huchelewa kuelewa mambo yaliyo karibu.

Aliyepata tabu zaidi ni kapitao. Kapitao ndiye msimamizi wa kazi. Neno hilo tulilirithi kwa Wareno, pamoja na mkate na mapenzi ya mihuri. Huyu alikuwa kapitao wa machimbo ya mawe yaliyo upande wa bara, njia ya Awasse, ambako mume wa Mjane alitoboa mwamba kwa mashine mpaka kifua kikamshinda. Mjane aliuza uji na mihogo ya kukaanga langoni mwa machimbo hayo hayo, na kapitao alipenda uji. Kila asubuhi ilimlazimu kusema, mbele ya wafanyakazi wote:

"Mjane, nipe kikombe."

"Sema tena, shefe. Mashine inapiga kelele."

"Mjane! Nipe kikombe!"

"Ahaa. Mjane wa nani?"

Kapitao alilitaja jina la marehemu, polepole, akitazama viatu vyake, ndipo akapewa uji. Yeye na marehemu walitoka jando moja. Waliwahi kulala ubavu kwa ubavu kwenye mkeka mmoja, wakililia kidonda kimoja.

Nilimuuliza Mjane kwa nini kapitao asinunue uji kwingine. Wauzaji walikuwa watatu pale langoni.

"Nani mwingine anatia tangawizi?" akasema.

Hata tangawizi alikuwa ameipangia kazi.

Asije mtu akafikiri kwamba alikuwa mama wa huzuni. Alikuwa mama wa kisasi, na kisasi kilimpendeza. Wajane wengine wa mtaa walikonda, yeye alinenepa. Alitembea haraka, alicheka kwa sauti, alijitanda kanga zake vizuri, na mtu akimwambia amwachie Mungu, alijibu, "Nimemwachia. Nami nipo hapa namkumbusha."

Hakujua kusoma, lakini mapafu aliyajua. Mumewe alipoanza kukohoa, kampuni ilisema ni kifua kikuu, ugonjwa wa kila mtu, hauhusiani na kazi. Akanywa dawa za kifua kikuu miezi mingi bila nafuu. Mwisho Mjane alimpakia kwenye lori la chumvi akampeleka Pemba, na huko mganga mmoja aliiweka picha ya kifua mbele ya taa akamwita aje aione. Maneno ya mganga yule aliyashika neno kwa neno, na nimemsikia akiyasema msibani, sokoni, na mara moja harusini, kati ya pilau na soda:

"Aliniambia, mama, hiki si kifua kikuu. Hili ni jiwe. Vumbi la mwamba, lile jembamba usiloliona kwa macho, linashuka mpaka chini kabisa. Halitemwi. Haliyeyuki. Mapafu yanaota kovu juu yake, na kovu linazidi, mpaka mtu anapumua kama anayevuta hewa kwenye tundu la sindano. Nikamuuliza dawa. Akasema dawa hakuna, dawa ni kutolivuta. Nikamuuliza, na kitambaa mdomoni? Akasema kitambaa kinazuia mchanga, hakizuii lile jembamba. Barakoa ya kazi, ile nzito inayobana uso, inasaidia. Ila la kwanza ni maji. Limwagieni jiwe maji pale pale linapotobolewa na linaposagwa, vumbi lisizaliwe."

Hapo aliwatazama waliomzunguka mmoja mmoja, akamalizia kwa maneno yake mwenyewe: "Sasa niambieni. Mtoto wa kike wa miaka saba hafagii uwanja bila kunyunyiza maji. Akifagia mkavu, mama yake anatoka na kofi. Kampuni ina mashine kubwa kama msikiti. Haina mama?"

Na kweli, pwani yetu hii, kufagia uwanja mkavu ni jambo la aibu. Unachota maji, unanyunyiza kwa vidole, unasubiri mchanga ulale, ndipo unainama na ufagio. Mwanamke anayerusha vumbi kwa jirani anatafuta ugomvi, au hakulelewa.

Mambo yake hayakulingana yote, na ningekuwa mwongo nikimchora kama mtakatifu wa afya. Jiko lake lilikuwa tanuru. Alipika kwa kuni za mkoko zilizokauka nusu, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na moshi ulitoka mlangoni mzito kama mtu anayehama nyumba. Alikohoa humo, akafuta macho, akaendelea kuhubiri juu ya mapafu ya watu wengine. Siku moja nikajipa moyo.

"Mjane, na moshi huu je?"

"Moshi huu ni wangu. Sijamwajiri mtu aje kuuvuta."

Nikaenda kusoma kitabu juu ya majiko yasiyotoa moshi. Nikakanda udongo mwenyewe, siku mbili, nikamjengea jiko lenye bomba. Lilipowashwa, moshi wote ulitoka upande wa mpishi na bomba likakaa safi kabisa. Mjane alilitazama, akanitazama.

"Dotori," akasema. Hapa kwetu mtu akishavuka chuo kikuu huitwa dotori, hata kama anachojua ni sarufi ya Kireno. "Dotori, umesomea wapi?"

"Maputo."

"Usiwaambie watu."

Alilivunja kesho yake akatengenezea mawe ya kutegea sufuria. Lakini nilipopita baada ya wiki niliona kibanda kimetobolewa dirisha, na hakunitajia.

Mimi na yeye tulikuwa na kesi yetu, na sasa niieleze, maana nimezunguka vya kutosha. Machimbo yalipofunguliwa, enzi kampuni kubwa zilipoanza kuja na kila mtu alitaka kokoto, kampuni ilitafuta mtu wa kutafsiri karatasi ya usalama kutoka Kireno. Nikaitwa. Ilikuwa karatasi nzuri. Ilisema mwamba utobolewe kwa maji, mashine ya kusaga inyunyiziwe, kila mfanyakazi apewe barakoa, kifua kipigwe picha kila baada ya muda. Niliitafsiri kwa Kiswahili cha kupendeza. Nakumbuka nilihangaika nusu saa nzima nikitafuta neno zuri la "kwa mujibu wa". Kisha nikawasomea wafanyakazi chini ya jua, dakika kumi, nao wakapitishwa mezani mmoja mmoja kutia dole gumba kwamba wamefundishwa. Mwisho nikatia sahihi mimi, shahidi. Barakoa zilikuwa ndani ya kontena lenye kufuli. Niliiona kufuli. Niliiona, nikapewa chakula cha mchana, nikarudi nyumbani.

Mume wa Mjane alipokufa, kampuni haikumletea neno ila nakala ya karatasi ile. Huyu alifundishwa, hili hapa dole lake, hii hapa sahihi ya mwalimu. Kama hakujikinga, ni shauri yake.

Ijumaa moja, kama mwezi baada ya kutoka eda, Mjane alipiga hodi barazani kwangu. Nilikuwa na wageni, walimu wenzangu wawili. Akakaa, akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi.

"Nisomee, Dotori."

"Mjane, si tuliisoma?"

"Uliwasomea wao. Mimi sikuwepo."

Nikasoma. Nilipofika kwenye barakoa alinyoosha kidole: "Hapo. Rudia hapo." Nikarudia. Akashukuru, akakunja karatasi, akaenda zake. Ijumaa nyingine akaja tena. Na nyingine. Nilijaribu kutoka mapema, nikamkuta msikitini nje ya uzio wa wanawake ananisubiri. Nilijaribu kuugua. Akaja na uji, akanisubiri nimalize, akatoa karatasi. Miaka mingi nimefundisha watoto kusoma, na sijawahi kupewa adhabu iliyonifaa kama hiyo. Mpaka leo sentensi zangu zile za kupendeza nikizikumbuka masikio yanawaka.

Vita vilipofika tukakimbia, kila mtu na alichoweza. Wengine walibeba magodoro, mimi nilibeba kamusi, sijui kwa nini. Mjane aliacha sufuria zake zote akabeba binti yake, maji, na karatasi ile. Tulipokutana Mueda kwenye foleni ya unga, watu wamechoka hata kusalimiana, aliniona kwa mbali akauliza, "Dotori, leo si Ijumaa?"

Ilikuwa Jumanne. Nikasoma hivyo hivyo.

Ni katika miezi ile ya ukimbizini, Ramadhani, ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Nilikuwa nimemaliza kusoma ile sehemu ya mwamba kutobolewa kwa maji. Hakukunja karatasi.

"Yalikuwepo," akasema.

"Nini?"

"Maji. Mwaka wa kwanza mashine zilikuja na mipira yake ya maji. Walitoboa kwa maji. Hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimetia sahihi tu.

Akaeleza. Mashine ya kutoboa ikifanya kazi na maji, hurusha marasharasha, na mtoboaji hurudi nyumbani amelowa uso na midomo. Ramadhani ya kwanza mumewe aliporudi hivyo, yeye mkewe alimpokea mlangoni kwa maneno. "Nikamwambia, saumu gani hii, baba? Midomo inatiririka kama umetoka kisimani. Unashinda na njaa bure. Kawaambieni wafunge hayo maji mpaka mwezi uishe." Mumewe alikuwa mtu wa kusikiliza. Kesho yake yeye na wenzake walimwendea kapitao, wakamwomba afunge maji kwa heshima ya mwezi. Kuhusu vumbi hawakuwa na wasiwasi; walishafundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba vumbi la njiani limesamehewa, halifunguzi. Kapitao alifurahi. Pampu ilikula dizeli, na mwamba mkavu ulitoboka haraka zaidi. Akafunga. Iddi ikaja, watu wakala, wakavaa nguo mpya, wakarudi kazini, na maji hayakufunguliwa tena. Mumewe alikumbusha mara mbili. Kapitao akamjibu, "Si ninyi wenyewe mlioomba?"

"Nilimwendea shehe baada ya kuzika," Mjane akasema. "Nikamuuliza, marasharasha yakigusa midomo yanafunguza? Akasema hapana, kama hukumeza kwa kusudi. Mtu si anasukutua akitawadha? Nikamuuliza, na vumbi? Akasema limesamehewa. Nikamwambia, shehe, mapafu ya mume wangu hayakulisamehe." Akaifunga karatasi kwenye pindo. "Kwa hiyo mimi nipo kwenye kesi, Dotori. Wewe upo, kapitao yupo, nami nipo. Tofauti yetu ni moja. Mimi nilikosea kwa mwezi mmoja."

Nilitamani nimwambie kwamba hakujua. Lakini nilijua angejibu nini: kwamba mimi nilijua.

Tuliporudi Mocímboa, nyumba nyingi zilikuwa kuta tu, na kila aliyerudi alitaka kujenga. Machimbo yakafunguliwa upya. Kampuni ilikuwa nyingine. Kapitao alikuwa yule yule, amezeeka, na kikohozi chepesi alichokiita mafua. Na katika watoboaji wapya alikuwemo mkwe wa Mjane, mume wa binti yake wa pekee, kijana mrefu mpole waliyeoana ukimbizini. Shamba lake lilikuwa upande wa Diaca na watu walikuwa hawajathubutu kulala mashamba yale. Kazi nyingine haikuwepo. Binti alikuwa na mimba.

Hapo ndipo nilipomwona Mjane akiogopa, mara ya kwanza. Alikuja kwangu siku isiyo Ijumaa. "Vyote vilivyokwenda, vimekwenda," akasema. "Huyu simtoi. Mwamba ule umeshakula kwangu."

Tatizo ni kwamba kwetu mama na mkwe wake wa kiume hawasemezani ovyo. Hawakai mkeka mmoja, hawali sinia moja, na wakikutana njiani mmoja hupinda. Mjane, aliyemfokea kila mtu kuanzia kapitao mpaka mimi, hakuweza kumwambia kijana yule neno moja la moja kwa moja. Basi akawa anawaambia kuku. Kijana akitoka alfajiri na begi lake, sauti ilitoka jikoni:

"We kuku! Ukienda huko leo usisimame upepo unakoelekea!"

Kijana alisimama, akainamisha kichwa, akamjibu kuku: "Kuku amesikia."

"Na ukirudi usiingie na nguo hizo ndani, utamletea mkeo vumbi na tumbo lake! Vua nje, zilowekwe!"

"Kuku atavua nje."

"Na huyo kapitao akikwambia ukae karibu na mashine ya kusaga, mwambie kuku ana kwao!"

Jogoo mwenyewe alikuwa juu ya pipa, anashangaa.

Mipira ya maji ilikuwepo, mipya, imeviringishwa ukutani. Kontena la barakoa lilikuwepo. Kufuli ilikuwepo. Mjane alimwomba kapitao kwa uzuri, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alimwita baba. Alimpa uji bila kumuuliza mjane wa nani. Kapitao akasema dizeli ni ya taabu, subirini. Akamwomba mara ya pili. Akasema wakubwa wanakuja wiki ijayo kukagua, baada ya hapo tutaona.

"Siku gani?" akauliza Mjane.

"Alhamisi."

"Haya, baba."

Alhamisi hiyo nilikuwepo, nimeitwa kutafsiri, maana makosa yangu huwa nayarudia. Wakubwa watatu walifika na gari safi, mashati meupe. Meza ilikuwa imewekwa barazani mwa ofisi: kuku wa kuchoma, wali, chai, matunda. Kapitao amevaa kofia mpya. Tulipokaa tu, nikaona wanawake wanaingia langoni kwa mstari, labda ishirini, kila mmoja na ufagio. Mjane mbele. Kapitao akatabasamu, akawaambia wageni kwa Kireno chake, "Akina mama wa jamii, wamekuja kutusafishia uwanja." Nikatafsiri yaliyobaki.

Nikatazama mikono yao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ndoo.

Nilielewa kabla ya wote, na nakiri kwamba sikusema kitu. Nilivuta sahani yangu karibu, nikaifunika kwa kitabu.

Waliinama pamoja. Uwanja wa machimbo si mchanga wa pwani. Ni unga wa mwamba, mweupe, umelala kila mahali kama majivu. Fagio ishirini ziliuamsha kwa pamoja, zikiusukuma upande wa baraza. Ulipanda. Ulikaa juu ya wali, ukaingia kwenye chai, ukaingia ofisini ambako mashine ya baridi iliuvuta kwa pupa na kuutawanya. Wageni walianza kukohoa. Mmoja aliziba pua kwa tai yake.

"Acheni! Nyie, acheni!" kapitao akapiga kelele. "Mnafagia mkavu? Nyie hamkulelewa?"

Mjane akanyoosha mgongo. Nyusi zake zilikuwa nyeupe.

"Tumejifunza kwenu, shefe. Hivi ndivyo mnavyofanya kazi hapa. Sisi tumefagia dakika tano tu. Mnaona tabu?"

"Maji! Leteni maji!"

"Maji yapo?" akauliza, kama mtu anayeshangaa. "Alaa. Dotori, mwambie mgeni, kwa Kireno, kwamba kapitao anasema maji yapo."

Nikatafsiri. Sijawahi kutafsiri kitu kwa uaminifu namna ile. Na mgeni aliponiuliza ni maji gani hayo, na kwa nini hayatumiki, nikamtafsiria na yale ambayo hakuna aliyeyasema: mipira, kufuli, Ramadhani, sahihi yangu. Wanawake wakaendelea kufagia, taratibu, kwa kupokezana, mpaka pampu ilipounguruma.

Kabla ya adhuhuri mashine zote za kutoboa zilikuwa zimelowa. Kufuli ilikatwa kwa msumeno, kwa kuwa ufunguo haukujulikana ulipo. Mkwe wa Mjane alirudi nyumbani jioni hiyo amelowa mpaka magotini, na sauti ya jikoni ikasema, "Kuku kalowa leo," na kwa mara ya kwanza tangu machimbo yafunguliwe upya, ikacheka.

Kapitao aliondolewa kazini. Nilidhani kisasi kimekwisha. Sikumjua.

Mafua ya kapitao hayakuwa mafua. Miaka yote ile alisimama katika vumbi lile lile alilowafungulia wenzake, maana alikuwa kapitao asiyekaa ofisini. Hilo nalo ni lake, na sitamnyima. Mwaka huu alilazwa kwa binti yake, mtaa wa pili kutoka kwetu, anapumua kwa kuegemea mito mitatu. Akatuma watu, kama ilivyo desturi, kuomba radhi kabla ya safari. Ujumbe ulipomfikia Mjane alikuwa anachambua mchele.

"Mwambieni nakuja. Asife."

Tulikwenda pamoja. Kapitao alijiinua kwa shida.

"Mjane," akasema, bila kulazimishwa. "Nisamehe. Mimi na marehemu…"

"Ngoja," akasema Mjane. "Mimi ni wa mwisho. Waliotoboa mkavu nawajua wote, waliobaki. Nitakuletea mmoja mmoja. Utamwambia kila mtu ulichofanya, kwa mdomo wako, kisha umwombe. Wakiisha, nakuja mimi."

"Nitafika?"

"Utafika. Nitakupikia."

Na akampikia. Kila asubuhi alivuka mtaa na uji wa tangawizi, akamlisha kwa kijiko, akamgombeza anywe dawa, akamgeuza asipate vidonda. Binti wa kapitao alilia kwa shukrani, akasema hajaona moyo wa huruma kama huu. Mjane hakumsahihisha. Mimi aliniambia njiani, "Hafi mpaka amalize." Wakaja, watu wa makamo wanaotembea kama wazee, wakisimama kila hatua kumi kuvuta hewa. Niliketi pembeni kama shahidi, kazi yangu ya zamani. Kapitao alisema kwa kila mmoja: maji yalikuwepo, mimi nilifunga, barakoa zilikuwepo, mimi nilifungia. Wengine walisamehe upesi ili watoke. Mmoja alimtazama muda mrefu akaondoka bila neno, na Mjane akamrudisha kesho yake. Mgonjwa na mgonjwa, wanakohoa kwa zamu, wala hujui nani anamjibu nani.

Wa mwisho kabla ya zamu yake mwenyewe alikuwa mkwe wake. Mjane hakuweza kuingia chumba kimoja naye, kwa hiyo alikaa nje, upande wa pili wa ukuta wa makuti, kwenye mkeka. Nilikiona kivuli chake kupitia nyufa.

Kapitao alisema maneno yake. Alikuwa ameyasema mara nyingi, yalitoka yenyewe. Akamaliza: "Nawe mwanangu, nisamehe."

Kijana alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mzee, nilikwenda Pemba wiki iliyopita. Walitupiga picha, sote watoboaji. Yangu imetoka safi. Mganga kaitazama mara mbili." Akaigeuza kofia, kwa haya. "Kwa hiyo mimi sijui nikusamehe nini. Mimi hukuniwahi."

Nje ya ukuta nikasikia mkeka ukikunjwa.

Kijana aliaga akaenda zake. Kapitao akalala akitazama mlango, kifua kinapanda na kushuka. Alisubiri. Nami nilisubiri. Baadaye niliinuka nikachungulia nje. Hapakuwa na mtu. Mbali, mwisho wa mtaa, kanga yake ilikuwa inakata kona kuelekea soko la samaki.

"Yupo?" akauliza kapitao.

"Ameondoka."

"Kasema atarudi?"

Mimi ni mtu wa maneno. Nimewahi kutia sahihi maneno ambayo hayakuwa kweli, na nikala chakula baada yake. Lingenigharimu nini moja zaidi, kwa mtu anayekufa?

"Hakusema," nikamjibu.